Kosa Hili ni la Nchi Gani?

Kuna maneno matatu ambayo mtu akikaa kwenye saiba yoyote kati ya Bumala, Butula na Busia mjini atayasikia kabla ya saa sita mchana: sistimu iko chini. Mhudumu huyatamka bila kugeuka, macho bado kwenye kioo, na mteja aliyekuja kufuatilia cheti cha mwenendo mwema hukunja karatasi zake akajiendea. Tangu eCitizen ianze mwaka 2014, na hasa tangu 2023 serikali ilipoagiza malipo ya huduma zake yapitie namba moja ya Paybill, 222222, mhudumu wa saiba amekuwa karani wa kijiji, na neno lake halipingwi. Lakini kwenye tovuti nyingi, ziwe za shule, sacco, maduka au makanisa, neno hilo mara nyingi si kweli. Intaneti ipo. Seva inajibu. Ukurasa umefunguka wote, nembo juu, menyu kando, anwani ya ofisi chini. Kilichokwama ni kisanduku kimoja katikati, kile cha kulipia, ambacho kimebaki cheupe kama sahani iliyooshwa. Kisanduku hicho si sehemu ya ukurasa ule. Ni ukurasa mwingine kabisa, wa mwenyewe mwingine, uliokaribishwa ndani. Jina lake ni fremu.

Maneno hayo yamenirudisha kwenye miaka ambayo kazi yangu ilikuwa kutafuta makosa ya JavaScript ndani ya kurasa za namna hiyo, na yamenifanya niitazame upya miaka ile. Sitasimulia kisa cha siku moja wala cha mteja mmoja. Nataka kuitumia miaka hiyo kama ushahidi wa jambo moja, ambalo nadhani vijana wanaojifunza kuandika programu huku kwetu hawaambiwi mapema: kosa lililo ndani ya fremu ni suala la mamlaka kabla ya kuwa suala la msimbo. Tumezoea kuuliza nini kimeharibika. Swali linalotangulia ni kimeharibikia wapi, maana yake chini ya sheria ya nani. Asiyeuliza hilo kwanza atasoma mistari elfu mbili ya msimbo wake ambayo haina dosari hata moja, na saa sita za usiku zitapita akiwa anaitafuta sindano kwenye nyumba isiyo yake.

Mtu wa Busia hahitaji maelezo marefu ili aelewe hili, kwa kuwa analipita kila siku. Kituo cha pamoja cha mpakani pale Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018 na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni, na Malaba nako utaratibu ni huohuo. Lori linalotoka Kenya halisimami tena upande wa Kenya. Linavuka moja kwa moja hadi upande wa Uganda, na huko maafisa wa nchi zote mbili wamekaa katika jengo moja. Afisa wa forodha wa Kenya anakalia ardhi ya Uganda, lakini anatekeleza sheria ya Kenya, ndani ya eneo lililotengwa kwa kazi hiyo. Ukitazama kutoka barabarani utaona jengo moja, paa moja, foleni moja. Ukiingia na tatizo la karatasi ndipo utagundua kwamba dirisha hili na lile, japo yametengana kwa hatua nne, ni nchi mbili. Fremu ndiyo hiyo: kipande cha himaya ya mtu mwingine kilichowekwa juu ya ardhi yako kwa ridhaa yako, na kinachoendelea kutawaliwa na sheria za kwao.

Ulinganisho huu una mipaka yake, lakini unaanza mahali sahihi, kwa sababu historia ya fremu yenyewe ni historia ya mipaka. JavaScript iliundwa na Brendan Eich mwaka 1995 katika kampuni ya Netscape, kwa siku kumi kama inavyokumbukwa, na kivinjari cha Netscape 2 kilikuja na vitu viwili kwa mpigo: lugha hiyo, na uwezo wa kugawa dirisha katika fremu kadhaa. Mwaka 1996 Internet Explorer 3 ikaleta iframe, ile fremu inayoweza kupachikwa popote katikati ya maandishi. Hatari ilionekana mara moja. Kama ukurasa unaweza kuubeba ukurasa mwingine, na kama una lugha ya kusoma kila kilichomo, basi mtu anaweza kuipachika benki yako ndani ya tovuti yake akasoma salio. Netscape wakaweka kanuni ambayo mpaka leo ndiyo nguzo ya usalama wa wavuti: skripti haitasoma ukurasa mwingine isipokuwa kurasa hizo mbili ziwe na chimbuko moja, yaani itifaki ileile, jina lilelile la seva na namba ileile ya mlango. Kinachotofautiana hata kwa herufi ni nchi ya kigeni. Ukuta, kwa hiyo, ulijengwa karibu wakati mmoja na nyumba. Zana kamili za kuona nyuma ya ukuta zilichelewa miaka kumi.

Katika miaka hiyo kumi chombo chetu kilikuwa alert, yaani kisanduku kinachoruka mbele ya mtu na kumlazimisha abonyeze sawa. Ulitaka kujua thamani ya kitu, unaipitisha kwenye alert. Ulitaka kujua kama msimbo umefika mstari wa arobaini, unaweka alert hapo. Hicho ndicho chombo ambacho kizazi changu kilifundishwa nacho, na kina aibu yake ndogo ambayo tulikuwa hatuisemi: kisanduku kikiruka kutoka ndani ya fremu, hakikuwa na sura iliyokutofautishia waziwazi ni fremu ipi imesema. Sauti ilitoka nyumbani, msemaji hukumjua. Inafurahisha kwamba Julai 2021, Chrome toleo la 92 ilijaribu kuzizuia fremu za chimbuko la kigeni zisitumie alert kabisa, na sababu kubwa ilikuwa hiyohiyo, kwamba mtumiaji hudanganyika akidhani ukurasa wa nje ndio unaoongea. Makelele ya wasanidi, hasa walimu wanaofundishia kwenye kurasa zenye fremu, yaliwafanya warudi nyuma kwa muda. Chombo ambacho robo karne tulikiona hakina madhara kilikuwa kinaficha swali lenyewe.

Januari 2006 Joe Hewitt alitoa Firebug, kiongezo cha Firefox, na naamini hakuna kitu kingine kilichobadilisha kazi hii kiasi hicho kabla wala baada yake. Kwa mara ya kwanza ulikuwa na vyote mahali pamoja: konsoli ya kuandika amri ukurasa ukiwa hai, mti wa vipengele vyote, na uwezo wa kusimamisha msimbo katikati ya mstari ukautazama ulivyo. Kwa upande wetu wa dunia ilikuja kabla ya nyaya za baharini. TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa 2009, kwa hiyo kukipakua kiongezo chenyewe kulikuwa na gharama yake. Firebug ilikuwa na amri fupi ambayo wengi waliipuuza: cd. Kama vile mtu anavyohama folda kwenye kompyuta, amri hiyo ilikuhamisha kutoka dirisha la nje kwenda dirisha la fremu. Aliyeiandika alielewa kwamba konsoli lazima isimame mahali fulani. Huwezi kuuliza swali kutoka hewani. Unauliza ukiwa umesimama nchini kwa mtu.

Zana za leo zimerithi uwezo wote huo, na pamoja nao zimeleta udanganyifu wa macho ambao nauona kuwa chanzo kikuu cha usiku uliopotea. Bonyeza F12 katika Chrome, ufungue kichupo cha vipengele. Utauona ukurasa kama mti mmoja, na fremu ikiwa tawi tu. Ukilifungua tawi, chini yake kuna hati nzima yenye kichwa na mwili, na ndani kabisa kuna kisanduku cha kuandikia kiasi cha pesa, umekiona kwa macho yako, kina kitambulisho cha "kiasi". Sasa hamia konsoli, uandike document.getElementById('kiasi'). Jibu ni null. Hakipo. Anayeanza hudhani amekosea tahajia, huandika tena, hubadilisha herufi kubwa na ndogo, huanza kushuku kivinjari. Tahajia iko sawa. Mchoro ndio umemchorea nchi mbili kama moja, kama ramani ya ukutani isiyo na mistari ya mipaka, wakati konsoli bado imesimama nje. Upande wa juu kushoto wa konsoli kuna neno dogo, top, lenye mshale. Hapo ndipo unapochagua umesimama wapi. Ukibonyeza, zinashuka fremu zote za ukurasa. Ukichagua ile ya malipo, ukaandika amri ileile, kisanduku kinapatikana mara moja. Andika location.origin kabla ya kuhama na baada ya kuhama, ulinganishe majibu. Kwangu hiyo ndiyo amri ya kwanza katika kila uchunguzi wa fremu, kabla ya kugusa msimbo wa mtu yeyote.

Utengano huo una kina zaidi kuliko suala la kutafuta kisanduku. Kila dirisha lina nakala yake ya vitu vyote vya msingi vya lugha. Orodha iliyotengenezwa ndani ya fremu, hata kama fremu hiyo ni yako mwenyewe na chimbuko ni moja, ukiiuliza nje kwa instanceof Array unajibiwa kwamba si orodha, kwa sababu Array ya ndani na Array ya nje ni viumbe wawili. Waandishi wa lugha walilazimika kuongeza Array.isArray katika toleo la mwaka 2009 ili swali la asili lisitegemee mahali pa kuzaliwa. Makosa nayo ni vivyo hivyo. Ukiweka msikilizaji wa makosa kwenye ukurasa wa nje, ukatarajia atakuletea kila kitu kinachovunjika, hatapata lolote kutoka ndani ya fremu. Kosa hulipuka kwenye dirisha lake na kuzimikia hapo. Ndiyo maana mwenye tovuti hutazama kumbukumbu zake za makosa, akazikuta safi, akaapa kwa dhati kabisa kwamba mfumo wake hauna tatizo wakati mteja wa Butula anatazama sahani nyeupe. Hajasema uongo. Ameripoti amani ya upande wake.

Basi kurasa hizi mbili huzungumzaje? Kwa njia ambayo mtu wa mpakani atacheka akiisikia. Neno bodaboda limetoka huku kwetu: katika miaka ya 1960 na 1970 wenye baiskeli walivusha watu na mizigo yao katika kipande cha ardhi kilichotenganisha vituo viwili vya mpaka, wakiita abiria kwa maneno ya mpaka kwa mpaka. Amri ya JavaScript iitwayo postMessage ni bodaboda. Dirisha la nje haliwezi kuingia la ndani, wala la ndani kutoka nje, ila ujumbe unaweza kupakiwa na kuvushwa. Anayepokea anatazama umetoka chimbuko gani, akiridhika anaufungua. Na makosa mengi ya fremu za malipo ambayo nimewahi kuyafuatilia yalikuwa hapo, kwenye ukaguzi wa yule mpokeaji. Msimbo wa ndani umeandikwa uamini ujumbe kutoka anwani yenye www mbele. Mteja amefungua tovuti kwa anwani isiyo na www. Kwa macho ya binadamu ni duka lilelile. Kwa kivinjari ni chimbuko jingine. Ujumbe wa kiasi cha kulipa unafika, unatazamwa, unatupwa kimya. Hakuna mstari mwekundu, kwa kuwa kwa mtazamo wa msimbo hakuna kilichoharibika: ulinzi umefanya kazi yake. Ili kuona, unahamisha konsoli kwenye fremu, unaandika monitorEvents(window, 'message'), unarudia kubonyeza, na ujumbe unatokea mbele yako ukiwa na asili yake imeandikwa. Dakika mbili. Ukisimama top utasubiri mpaka Ijumaa.

Tukifika hapa mtu mwenye ujuzi ataniambia kwamba najenga hoja juu ya kitu ambacho kinaondoleka: zima ukuta. Chrome inaweza kuwashwa kwa amri ya --disable-web-security, na machimbuko yote yakawa familia moja wakati wa uchunguzi. Nimeona ushauri huo ukitolewa kwa nia njema mara nyingi, na naupinga. Kivinjari kisicho na ukuta ni nchi isiyokuwepo. Ukilirekebisha kosa humo, umelirekebisha kwa raia wa nchi hiyo, na hakuna mteja hata mmoja anayeishi huko. Zaidi ya hayo, zana zenyewe tayari zina pasipoti ambayo msimbo wako hauna: konsoli inaweza kuhamia fremu ya kigeni na kusoma kila kitu, jambo ambalo ukurasa wako ukijaribu utazuiwa. Hilo ndilo la kuchungwa. Kitu kufanya kazi kwenye konsoli si ushahidi kwamba kitafanya kazi kwenye ukurasa, kwa kuwa mpelelezi huruhusiwa kuingia mahali ambapo mfanyabiashara hawezi. Anayetaka kujua thamani ya ukuta na aangalie yaliyowapata British Airways mwaka 2018. Mistari 22 ya JavaScript iliingizwa kwenye tovuti yao, ikasoma fomu ya malipo iliyokuwa palepale kwenye ukurasa, na kwa wiki mbili hivi za Agosti na Septemba ikapeleka taarifa za kadi kwingine. Walioguswa walizidi watu 400,000, na Oktoba 2020 msimamizi wa data wa Uingereza akawatoza faini ya pauni milioni 20. Skripti kama ile, ikiwa kwenye ukurasa wa nje na fomu ikiwa ndani ya fremu ya chimbuko jingine, haiwezi kusoma kadi moja kwa moja.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi, na sehemu yake naikubali. Kwa nini tuwe na fremu hata kidogo? Safaricom walipofungua Daraja, jukwaa lao la kuunganisha tovuti na M-Pesa, mwaka 2017, tovuti yoyote iliweza kuiomba M-Pesa imtumie mteja kidirisha cha namba ya siri kwenye simu yake. Ukurasa haupachiki kitu, unangoja jibu kutoka seva hadi seva. Kwa duka la Bumala ambalo wateja wake wote wana M-Pesa na hakuna mwenye kadi, fremu ya malipo ni mzigo bila faida, na nadhani wengi wetu tuliipachika kwa sababu maelekezo ya mtoa huduma yalianza nayo na tukaona uvivu kusoma ukurasa wa pili. Lakini kadi zipo, ndugu walio Uingereza na Marekani wanaolipia karo wanatumia kadi, na kanuni za kimataifa za usalama wa kadi zinampunguzia mzigo mkubwa mwenye duka ambaye namba ya kadi haipiti kwake bali ndani ya fremu ya mtoa huduma. Na kanuni hizohizo, katika vipengele vilivyoanza kuwa lazima tarehe 31 Machi 2025, sasa zinatazama hata skripti zinazokaa kwenye ukurasa wa malipo. Ramani, video, mitihani ya mtandaoni, matangazo: vyote vinaishi kwenye fremu. Zipunguze, ndiyo. Kuziondoa zote ni ndoto ya mtu ambaye hajawahi kuuza kitu.

Kuna wanaosema haya yote ni mazungumzo ya wenye laptop. Kijana wa Butula anajifunza kwa simu, na Chrome ya simu haina F12. Ni kweli, na sina jibu la kuufuta ukweli huo. Simu ya Android inaweza kuunganishwa kwa waya wa USB kwenye kompyuta yoyote, ukafungua chrome://inspect, na konsoli ya ukurasa ulio kwenye simu ikatokea kwenye kompyuta pamoja na fremu zake zote. Kompyuta moja ya saiba inatosha darasa zima kwa zamu. Wengine hutumia Eruda, skripti inayopachikwa kwenye ukurasa ikaweka konsoli ndogo palepale kwenye simu. Ni kitu kizuri, ila kwa kuwa yenyewe ni skripti ya ukurasa wa nje, inatii sheria ya ukurasa wa nje. Fremu ya kigeni haioni. Anayeitumia bila kujua hilo ataona konsoli safi, atafikia uamuzi uleule wa mhudumu wa saiba.

Pingamizi linalonisumbua kuliko yote si la kiufundi. Ni kwamba hoja ya mamlaka inaweza kuwa kichaka cha kujifichia. Kila aliyewahi kupanga foleni ofisini analijua jibu la nenda dirisha lile, na msanidi aliyejifunza neno chimbuko amepata njia ya kisomi ya kusema si mimi. Lakini tazama lililotokea Februari 2020. Chrome 80 ilibadilisha namna vidakuzi (cookies) vinavyosafiri: kidakuzi kisichotamka wazi kwamba kinaruhusiwa kuvuka, kikaanza kuzuiwa kinapotumika ndani ya fremu ya kigeni. Mwezi uliofuata Safari ikavizuia vyote vya namna hiyo. Fremu ambazo zilikuwa zikimkumbuka mteja zikamsahau. Mwenye ukurasa wa nje hakuwa amegusa mstari, wa ndani naye hakugusa, kila mmoja akamnyooshea mwenzake kidole, na wote wawili walikuwa na haki. Sheria iliyobadilika ilikuwa ya mamlaka ya tatu, kivinjari, inayowatawala wote kama Jumuiya ya Afrika Mashariki inavyozifunga Kenya na Uganda kwa sheria moja ya vituo vya pamoja. Na kivinjari hakikuvizia mtu. Tangu mwishoni mwa 2019 konsoli ilikuwa ikiandika onyo la rangi ya manjano kuhusu vidakuzi hivyo, kwa miezi, mbele ya watu waliojizoeza kutazama nyekundu tu. Kujua mipaka, kwa hiyo, hakukupunguzii kazi. Kunakuongezea madirisha ya kugonga.

Na mwenye ukurasa wa nje ana wajibu ambao hauhamishiki. Yeye ndiye aliyemkaribisha mgeni. Hawezi kusoma yaliyo ndani ya fremu, lakini anaweza kusikiliza ukimya wake: akakubaliana na mtoa huduma kwamba fremu ikishafunguka itume ujumbe wa kusema nipo, naye akaweka saa. Sekunde kumi na tano zikipita bila ujumbe, aandike kwa Kiswahili kinachoeleweka kwamba sehemu ya malipo haijafunguka, pesa haijakatwa, jaribu tena au lipa kwa njia hii nyingine. Ni mistari isiyozidi ishirini ya JavaScript. Katika tovuti nyingi za kwetu haipo, na sioni kisingizio.

Ndugu mhudumu wa saiba, na wewe kijana unayesubiri kompyuta ya pili kutoka mlangoni ili ujifunze kazi hii: sahani nyeupe ikitokea tena, kabla hujamwambia mteja kwamba sistimu iko chini, bonyeza F12, nenda konsoli, ufungue lile neno top. Ukiripoti tatizo kwa mwenye tovuti, mwandikie ni fremu ipi, chimbuko lake ni lipi, na konsoli ilisema nini ukiwa umesimama humo. Ripoti ya namna hiyo hujibiwa.